Hatua Kumi na Moja Hadi kwenye Nyuzi

Katika barabara ile ya mafundi hakuna aliyemwita kwa jina lake la kuzaliwa. Waliomjua na wasiomjua walimwita Daftari, na kichekesho chenyewe ni kwamba hakuwahi kumiliki daftari hata moja. Alikuwa fundi cherehani, na vipimo vya wateja wake wote aliviweka kichwani. Mteja alisimama mbele yake, naye akapitisha futi, ule utepe wa kupimia, mabegani, kifuani, kiunoni na nyongani, midomo ikamchezacheza kama mtu anayeonja chumvi ya mchuzi, basi. Kalamu haikuguswa. Ungeweza kupotea miaka mitano, ukarudi na kitambaa mkononi, naye akakutazama juu ya miwani na kukuambia kwamba bega lako la kushoto bado liko chini ya lile la kulia kwa robo inchi, ila kiuno, samahani sana, kimehama.

Watu walilipenda jambo hilo. Mabinti waliopimiwa kwake sare za darasa la kwanza walirudi kupimiwa magauni ya harusi, na wengine hawakujua kipimo chao wenyewe. Ukiwauliza walijibu, muulize Daftari. Naye alijivuna kidogo, kwa nini afiche. Alikuwa na miaka sitini na saba, na aliamini kwamba cherehani mtu yeyote anaweza kuinunua dukani, lakini kichwa kama chake hakiuzwi.

Chumba chake cha kazi kilikuwa na urefu wa hatua kumi na mbili na upana wa hatua sita, lakini kwa miaka thelathini yeye aliishi katika hatua mbili tu za chumba hicho. Hiyo ilikuwa kazi ya mumewe. Mumewe alikuwa seremala, mtu wa maneno machache na misumari mingi. Mkewe akilalamika kwamba mkasi uko mbali, kesho yake palikuwa na ndoano karibu na goti. Akisema nyuzi zinamchosha kuzifuata, ubao wa nyuzi ulihama kutoka ukutani ukaja kuning'inia juu ya kichwa chake kama taa. Pasi ilikaa upande wa kulia juu ya kigoda chake maalumu, chaki kwenye kikombe kilichopigiliwa mezani, na kwa vitu vilivyojifanya vya mbali kulikuwa na fimbo yenye kulabu. Hata meza kubwa ya kukatia vitambaa, ambayo mafundi wote duniani huikatia wakiwa wamesimama, mumewe aliikata miguu shibiri moja ili mkewe akate akiwa ameketi. Asubuhi saa mbili Daftari alikaa kitini, na jioni saa kumi na mbili akainuka. Katikati ya hapo, labda mara mbili, kwa sababu ambazo hata seremala hodari hawezi kuziwekea ndoano.

Fundi viatu wa chumba cha jirani alipoona birika la umeme nalo limepewa rafu yake karibu na kiwiko cha Daftari, alitikisa kichwa. Alisema, "Dada, sasa shemeji amebakiza kukutengenezea magurudumu."

Basi ikaja ile harusi.

Mama wa bwana harusi na mama wa bibi harusi walileta vitambaa vyao siku moja. Wa kwanza alikuwa mrefu na mwembamba kama nguzo ya umeme, akaleta kitambaa cha kijani. Wa pili alikuwa mfupi, mpana, mwenye kicheko kilichotangulia kuingia mlangoni, akaleta cha zambarau. Daftari akawapima, akaonja chumvi yake, akawaambia warudi Alhamisi, siku mbili kabla ya harusi. Alhamisi saa kumi jioni wakaja wote wawili, wakaingia nyuma ya pazia kujaribu. Kisha pazia likafunguka. Gauni la kijani lilimwishia yule mrefu chini kidogo ya magoti, na kiunoni ungeweza kumtia mtu mwingine ndani yake. Gauni la zambarau lilikataa kabisa kupita kifuani mwa yule mfupi, na pindo lake lilikuwa linafagia sakafu.

Wakatazamana. Yule mfupi akaanza, yule mrefu akafuata, wakacheka hadi fundi viatu akaja kuchungulia. Walipobadilishana, kila gauni lilimkaa mwenzake kama limezaliwa naye. Wakakata shauri papo hapo kwamba hivyo ndivyo itakavyokuwa, rangi zimejichagulia wenyewe, na undugu umeanza kwa kuvaliana nguo. Waliondoka wameshikana mikono.

Daftari alicheka nao, lakini alicheka kwa meno tu. Walipotoka alibaki ameketi, futi shingoni, akitazama mahali walipokuwa wamesimama. Namba zote zilikuwa sahihi hadi robo inchi. Hakusahau hata moja. Alichofanya ni kumpa huyu mwili wa yule, na hakukumbuka ni saa ngapi jambo hilo lilitokea. Alikumbuka tu kwamba ilikuwa mchana wa joto, amekaa tangu asubuhi, na kichwa kilikuwa kama kimejazwa pamba. Hapo moyo ukamwenda mbio, kwa sababu mama yake mzazi naye alianza hivyo hivyo. Hakuanza kwa kusahau watu. Alianza kwa kuwachanganya. Miaka yake ya mwisho alimwita Daftari kwa jina la shangazi, kwa upendo wote, na hakuna aliyeweza kumrudisha.

Habari za magauni zilifika hospitali kabla ya jua kuzama, maana huko ndiko alikofanya kazi binti yake wa pekee, muuguzi. Kesho yake asubuhi binti akaja na zawadi iliyofungwa vizuri. Ilikuwa daftari kubwa lenye jalada gumu jekundu, na kalamu mbili.

"Mama, si kwamba umezeeka," alisema. "Hata sisi wodini tunaandika. Tusipoandika, tunaua watu."

"Mimi siui watu, mwanangu. Nawavika."

"Basi andika ili uwavike vizuri."

Daftari alilipokea, akashukuru, na binti alipoondoka tu, akalichomeka chini ya gunia la vipande vya vitambaa. Hakuwa na hasira na binti. Alichoogopa ni siku atakayolifungua. Siku hiyo, alijiambia, atakuwa amekiri kwamba kichwa kimekwisha, na asiye na kichwa hicho si Daftari tena, ni mwanamke mwenye cherehani tu.

Ila kwa daktari alikwenda, shingo upande, kwa sababu binti alikuwa ameshachukua miadi na kumwomba ruhusa msimamizi wake. Daktari alikuwa mwanamume wa makamo mwenye soksi za rangi mbili tofauti. Alimpima shinikizo la damu, akakuta limepanda kidogo. Alimpa maneno matano ayakumbuke, akamwambia achore saa, akamwambia ahesabu kurudi nyuma kutoka mia moja kwa kutoa saba saba. Kisha akamwuliza yale maneno matano. Daftari akayataja yote kwa mpangilio, akaongeza kwamba mkono wa kushoto wa koti la daktari umeuzidi wa kulia kwa nusu inchi, na aliyelishona alikuwa na haraka zake.

Daktari akaukunjua mkono, akaupima na mwenzake, akacheka mpaka akavua miwani. Alimwambia kwamba haoni ugonjwa wa kusahau, ingawa atataka kumwona tena baada ya miezi sita. Alichotaka kujua ni siku yake inavyokwenda. Daftari akamweleza kwa fahari, ndoano moja baada ya nyingine, fimbo yenye kulabu, meza iliyokatwa miguu. Alipokuwa akieleza, daktari akaweka kalamu chini.

Maelezo yake hayakuwa marefu. Alisema misuli ya miguu husaidia kuirudisha damu juu, nayo inapolala saa nyingi, ubongo hauletewi damu kwa ukarimu unaoutaka, na mtu huanza kuwa mzito wa fikra bila kujua. Alisema watafiti wamekuwa wakiwachunguza wazee wanaokaa muda mrefu, na wengi wanaona dalili kwamba kuinuka kila baada ya nusu saa hivi, kwa dakika mbili tatu tu za kutembea au za kukaa na kusimama, kunaweza kuinoa akili na kuilinda. Hakusema kwamba jambo limethibitishwa lote. "Sikuahidi muujiza, mama," alimwambia. "Nakuahidi kwamba kiti hicho hakikusaidii."

Njiani Daftari alikuwa amenuna. Alitarajia vidonge, au angalau chupa yenye maandishi madogo. Alimwambia binti yake kwamba amempelekea mtu kichwa, naye ametibu miguu.

Hata hivyo alijaribu. Binti alimtegea simu iwe inalia kila nusu saa, na kwa siku tatu simu ililia kwa utiifu mkubwa. Lakini kila ilipolia, Daftari alikuwa katikati ya mshono, na mshono hauachwi katikati. Alinyoosha mkono, akaizima, akaendelea. Haikuwa kazi ngumu, kwa sababu simu nayo ilikuwa na ndoano yake.

Mumewe aliyatazama hayo yote. Alikuwa ameshaacha kazi kubwa za useremala, lakini kila siku alipita chumbani pale kuona kama kuna kinacholegea. Siku ya mapumziko, mkewe alipokwenda kumsalimia dada yake, yeye alichukua sanduku la vifaa na funguo, akajifungia humo tangu asubuhi hadi jioni.

Jumatatu Daftari akafungua mlango, akapigwa na butwaa. Kiti na cherehani vilikuwa palepale, lakini vimebaki peke yao kama kisiwa. Ubao wa nyuzi ulikuwa ukuta wa mwisho kabisa. Mkasi ulining'inia kona nyingine, chaki kwenye dirisha, pasi kwenye rafu ya urefu wa kifua karibu na mlango. Birika halikuonekana, alikuja kulikuta kwenye chumba kidogo cha nyuma. Na meza ya kukatia ilikuwa imeinuka. Miguu yake ilikuwa mirefu tena, na ukiinama ungeona mahali kipande cha zamani kilipounganishwa na mguu, kwa gundi na misumari ya mbao. Vipande vile vinne, shibiri moja kila kimoja, mumewe alivihifadhi miaka yote thelathini kwenye kopo la rangi.

Alipomkuta mume nje, amekaa kwenye benchi la fundi viatu akijitia hamnazo, alimwuliza ni adui gani aliyeingia ofisini kwake.

"Hakuna kilichopotea, mama watoto," alijibu. "Vimehama tu."

"Vimehama kwenda wapi? Mpaka nipande basi nifike kwenye uzi?"

Mume akainuka, akapangusa vumbi la mbao kwenye suruali. "Miaka thelathini nimekusogezea vitu nikidhani nakupumzisha. Kumbe nilikuwa nakupigilia kwenye kiti. Niache nivisogeze tena. Ukichoka, nitavirudisha mwenyewe."

Kwa mtu yule, hiyo ilikuwa hotuba. Daftari alimnunia hadi saa sita mchana. Lakini kazi ilimsubiri, na kazi haina subira na mtu aliyenuna. Alihitaji uzi mweusi, akainuka kuufuata. Akahesabu hatua kwa chuki: kumi na moja kwenda, kumi na moja kurudi. Akahitaji mkasi, saba. Pasi, tisa. Magoti yalilalamika kama mlango wa zamani. Jioni alilala kabla ya kumaliza kula.

Siku ya nne ndipo alipogundua ujanja uliokuwa wake mwenyewe, ambao daktari hakumfundisha. Alikuwa anakwenda kwenye nyuzi, na hatua zilimchosha kwa upweke wake, akaanza kuzijaza na watu. Hatua ya kwanza ilikuwa bega la mteja wake mmoja, mwalimu mkuu, ya pili kifua chake, ya tatu kiuno, hivyo hivyo mpaka ukutani. Kurudi, alimchukua mtu mwingine. Alitembea akitaja inchi kwa sauti ya chini, na mteja aliyeingia ghafla alimkuta akimwambia ubao wa nyuzi, "Thelathini na sita na nusu, arobaini na mbili," akataka kujua kama amefika pabaya.

Ng'ambo ya barabara kulikuwa na shule ya msingi, na kengele yake ililia kila kipindi kilipokwisha. Daftari akaifanya iwe yake. Kengele ikilia, mshono usimalizike au umalizike, aliinuka. Alikaa na kusimama mara kumi bila kushika meza, kisha akatoka hadi kibanda cha mwuza vifungo mwisho wa barabara, akarudi. Mwuza vifungo alikuwa mwanamke wa rika lake, mjane, mwenye ulimi usiolala, na siku za kwanza alikuwa akimwuliza kila mara kama anataka vifungo. Daftari alijibu hataki kitu. Mwishowe mwenzake alimwuliza kama basi anakagua barabara kwa niaba ya serikali, naye akamweleza. Mwuza vifungo akafikiri, akainua mguu mmoja, akautazama, akasema huu nao umekaa tangu marehemu afe. Kengele iliyofuata wakawa wawili.

Fundi viatu alikuwa wa tatu, ingawa alidai anatoka tu kunyoosha mgongo. Ndani ya mwezi mmoja kengele ya shule ilikuwa inawatoa nje watu sita, wote wamepita miaka hamsini, wakikaa na kusimama kwenye vigoda vyao kando ya barabara huku wanafunzi wakiwahesabia kutoka dirishani. Shule ilipofunga, kengele ikanyamaza, na siku ya kwanza wote walisahau kuinuka hadi adhuhuri. Mwuza vifungo alikasirika, akatundika mfuniko wa sufuria nje ya kibanda chake, na toka hapo likizo ilikuwa na kengele kali kuliko masomo.

Je, kichwa chake kiliponea hapo? Daftari mwenyewe alipoulizwa alisema hajui. Huenda ilikuwa miguu, huenda ni kule kuwataja watu kila siku, huenda ni kucheka na wenzake badala ya kuzungumza na cherehani peke yake. Alichojua ni kwamba ile pamba ya mchana kichwani ilikuwa imepungua, kwamba analala usingizi mzito, na kwamba shinikizo la damu lilishuka binti alipompima. Lakini lile gauni la kijani lilikuwa bado linamtembelea moyoni. Kila alipomkabidhi mteja nguo, alishika pumzi mpaka pazia lifunguke.

Hapo ndipo hospitali ilipotaka sare za kwaya yake. Wodi mpya ilikuwa inafunguliwa baada ya wiki sita, na kwaya ya wafanyakazi ingeimba mbele ya wageni: watu ishirini na wawili, magauni kwa mashati, kitambaa kimoja cha bluu. Binti yake alikuwa mmoja wao, na ndiye aliyeleta kazi. Aliileta kwa sharti. Alitaka vipimo viandikwe.

Daftari alitazama chini, kisha akasema jambo ambalo lilimtoka kabla hajaliwaza vizuri. "Niache hawa ishirini na wawili niwabebe kichwani. Nikimkosea hata mmoja, nitalitoa lile daftari jekundu, na sitashona tena pindo bila kuandika. Na kwa daktari nitakwenda kabla ya miezi sita."

"Hata mmoja, mama?"

"Hata mmoja."

Binti alikubali, lakini uso wake haukuwa wa mtu aliyeshinda wala aliyeshindwa. Alikuwa anamwogopea mama yake, na hilo Daftari alilisoma.

Siku ya kupima, kwaya nzima ilijipanga kutoka mlangoni hadi kwa fundi viatu. Kiongozi wa kwaya, mfamasia mwenye wasiwasi wa kudumu, alitafuta mtu wa kuandika, akaambiwa hayupo, akataka aandike yeye, akaombwa kwa heshima asimame kwenye mstari. Daftari alipima akiwa amesimama tangu mwanzo hadi mwisho, jambo ambalo mwaka uliotangulia lisingewezekana. Kila mmoja alitajiwa namba zake kwa sauti, akacheka au akakana. Alipofika kwa binti yake, wa mwisho katika mstari, mkono wa Daftari ukasita kiunoni. Akapitisha futi mara ya pili. Akaitazama kwa muda, akafungua mdomo, akaufunga. Hakutaja namba. Alisema tu, "Haya, tumemaliza," akaenda kuzitazama nyuzi.

Binti aliona kusita kule, na usiku huo hakula vizuri.

Wiki tatu zilipita kwa kengele. Daftari alikata amesimama kwenye meza ndefu, akashona ameketi, akainuka, akatembea. Kila safari ya hatua kumi na moja ilikuwa ya mwanakwaya mmoja. Kuna siku alisimama katikati ya chumba ghafla, hatua ya sita, kwa sababu kiuno cha mpishi wa hospitali kilikuwa kimeponyoka. Jasho likamtoka. Mumewe alikuwa dirishani akipiga randa kipande cha mbao, akamwona, akaacha. Daftari akarudi kitini, akaanza upya, bega, kifua, na alipofika hatua ya sita, namba ikaja yenyewe kama paka aliyekuwa chini ya kitanda. Mumewe akaendelea na randa yake.

Siku ya kujaribu nguo wanakwaya walikuja wawili wawili, kila zamu ya kazi ilipoisha. Pazia lilifunguka na kufungwa. Shati la mfamasia lilimkaa hata akasahau wasiwasi wake kwa muda. Gauni la mpishi lilimfanya ajigeuze mara tatu mbele ya kioo. Hadi saa kumi na moja watu ishirini na mmoja walikuwa wamevaa na kuridhika, na fundi viatu, aliyekuwa akihesabu kwa sauti kama mtangazaji wa mpira, alitangaza bado mmoja.

Wa mwisho akaja, amechoka, bado na sare ya kazini. Akaingia nyuma ya pazia. Mumewe Daftari alikuwa chumba cha nyuma akipigilia rafu. Binti alipotoka, mabega yalikuwa sawa, urefu sawa, mikono sawa. Lakini kiunoni gauni lilikuwa limelegea. Alilishika kwa vidole viwili upande mmoja, kitambaa kikaja kama sikio la mbwa. Macho yakamjaa maji.

"Mama," alisema polepole, kama anavyozungumza na wagonjwa. "Si neno. Ni mmoja tu kati ya ishirini na wawili. Lakini kiuno changu ni ishirini na nane. Miaka yote ni ishirini na nane."

Daftari alivua miwani. "Mwaka jana kilikuwa ishirini na nane," alisema. "Siku niliyokupima hapa kilikuwa ishirini na tisa na nusu, na wewe si mtu wa kunenepa kiuno peke yake. Leo ni thelathini. Siku ya kuimba, wiki tatu zijazo, kitakuwa thelathini na moja au zaidi kidogo. Nimekushonea ya siku ya kuimba."

Binti alikuwa katika mwaka wa sita wa ndoa yake, na kwa miaka mitatu Daftari alikuwa ameacha kumwuliza lile swali ambalo mama huuliza, kwa kuwa aliona linavyomkata. Binti aliweka mkono tumboni bila kujua kwamba ameuweka.

"Nilitaka itimie miezi mitatu kwanza," alisema. "Sijamwambia mtu isipokuwa mume wangu. Umejuaje?"

"Nimekubeba kichwani tangu ulipokuwa inchi ishirini na moja, urefu wote, umefungwa kwenye kitambaa cheupe. Sasa nisikujue?"

Kishindo kilisikika chumba cha nyuma. Nyundo ilikuwa imeanguka. Seremala alijitokeza mlangoni na misumari mitano mdomoni, macho yamemtoka, akitaka kusema na asiweze, akiitema mmoja mmoja kiganjani huku mabinti wake wawili, kwa maana wakati huo mke na binti walionekana rika moja, wakishikana na kucheka hadi wakakaa sakafuni. Alipomaliza kutema misumari alikuwa amesahau alichotaka kusema. Alikwenda akamshika binti yake kichwani, akamshika mkewe kichwani, akarudi kwenye rafu yake, na kwa muda mrefu hakuna msumari uliopigwa.

Walipotulia, Daftari alikwenda kwenye gunia la vipande, akainama, akalitoa lile daftari jekundu. Binti akamwambia mbona ameshinda, hana haja. Mama akajibu kwamba anajua ameshinda, na ndiyo maana sasa linaweza kufunguliwa. Aliyeogopa kulifungua alikuwa mtu mwingine, yule wa kwenye kiti. Tena daktari wake ana akili lakini koti lake halina, na siku moja atakuja kupimwa, na mtu wa namna ile ni vizuri awe na kumbukumbu za maandishi.

Kisha akamwita mumewe, akampa kazi. Alitaka ndoano moja mpya kwa ajili ya daftari. Mumewe akaangalia nafasi tupu karibu na kiti, kwa mazoea ya miaka thelathini, akaona mkewe anatikisa kichwa na kuonyesha kwa kidole. Ndoano ikapigiliwa ukuta wa mwisho, kando ya nyuzi.

Mfuniko wa mwuza vifungo ukalia huko nje. Ilikuwa likizo tena. Daftari akainuka, akakaa, akainuka, mara kumi, binti akihesabu. Halafu akatembea hadi ukutani, hatua kumi na moja, akafungua ukurasa wa kwanza, akachora mstari wa bega, wa kifua, wa kiuno, wa urefu. Sehemu ya jina akaiacha wazi. Mbele ya kila mstari akaacha nafasi wazi pia, kubwa ya kutosha miaka mingi, akaiweka kalamu kwenye ukurasa, akatoka kwenda kumsalimia mwuza vifungo, ambaye kwa mara ya kwanza katika matembezi hayo ya kengele angemwuzia kitu: vifungo sita vyeupe, vile vidogo kabisa.